E Bubu na Mkazo wa Kiswahili: Uhakiki wa Ukataji wa Silabi katika Vitenzi Virefu vya Kifaransa

Ikisiri

Makala hii inahakiki mazoea mawili yanayohusu silabi za Kifaransa miongoni mwa walimu, wanafunzi na wahakiki wanaofikiri kwa Kiswahili. La kwanza ni la darasani, nalo ni kukata kitenzi kirefu cha Kifaransa kwa kufuata irabu zilizoandikwa. La pili ni la uhakiki linganishi, nalo ni kusema kwamba ushairi wa kale wa Kifaransa una mizani kama wetu. Inadaiwa hapa kwamba mazoea yote mawili yana chanzo kimoja, yaani kudhani kwamba umbo la kitenzi lina idadi moja tu ya silabi, na kwamba kosa kubwa zaidi halimo katika idadi hiyo bali katika mahali panapowekwa mkazo. Istilahi za arudhi ya Kiswahili zinatumiwa kama chombo cha uchambuzi.

1.0 Utangulizi

Umbo la Kifaransa 'étudieraient', ambalo kwa Kiswahili ni 'wangesoma' au 'wangejifunza', lina herufi kumi na mbili, na saba kati ya hizo ni irabu. Msomaji aliyelelewa katika tahajia ya Kiswahili ana sababu nzuri ya kutarajia silabi saba. Katika lugha yake kila irabu iliyoandikwa hutamkwa, na kila irabu inayotamkwa ni kilele cha silabi yake. Neno 'waliouawa' lina irabu sita na silabi sita, hata pale ambapo irabu nne zimefuatana bila konsonanti kati yake. Mfaransa, kwa upande wake, hulitamka 'étudieraient' kwa silabi nne tu: /e.ty.di.ʁɛ/. Irabu ya nne katika maandishi haisikiki, mbili zinazofuata ni sauti moja, na mwisho 'ent' umenyamaza wote.

Kuhusu herufi zisizotamkwa hakuna haja ya kukaa sana. Mwanafunzi makini huzielewa katika miezi ya mwanzo, na vitabu vya kufundishia huzieleza vya kutosha. Tatizo linaloshughulikiwa hapa ni jingine, na hudumu hata kwa wasomi walioisoma lugha hiyo kwa miaka mingi. Ni tatizo la irabu ambayo mara hutamkwa, mara haitamkwi, kutegemea majirani zake, kasi ya usemi na aina ya matini. Wafaransa huiita e bubu, na wanafonolojia huiita shwa. Irabu hiyo imejaa katika vitenzi virefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kundi kubwa kabisa la vitenzi vya Kifaransa, lile la vitenzi vinavyoishia na 'er', huiweka katikati ya kila umbo la wakati ujao na la hali ya masharti: 'donnera', 'donnerons', 'donnerait', 'donneraient'.

Molière, katika tamthilia yake ya mwaka 1670 ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Mchuuzi Mwungwana, alimpa mwalimu wa falsafa kazi ya kumfundisha tajiri mmoja kutamka irabu tano, moja baada ya nyingine, huku akimweleza namna ya kufungua na kufunga taya. Watazamaji hucheka kwa sababu tajiri anafundishwa jambo ambalo amekuwa akilifanya maisha yake yote. Kwa mgeni wa lugha kichekesho hicho kina upande wa pili: irabu ikifundishwa peke yake, nje ya neno na nje ya sentensi, haimwambii lolote kuhusu lini itasikika na lini itatoweka.

2.0 Migawo mitatu ya umbo moja

Ni vyema kuanza kwa kutenganisha mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Kitenzi cha Kifaransa kinaweza kukatwa kwa njia tatu, na kila moja ina kusudi lake.

Mgawo wa kwanza ni wa mpiga chapa. Neno lisipoenea mwishoni mwa mstari, kanuni za uchapaji hueleza mahali pa kuweka kistari. Konsonanti mbili zinazofanana hutenganishwa, hivyo 'appartiendrions' huanza na 'ap-par', na 'donneraient' hukatwa 'don-ne-raient'. Irabu mbili zinazofuatana hazitenganishwi. Mgawo huu ni wa jicho. Hautuambii chochote kuhusu sauti, maana sikio halisikii 'n' mbili katika 'donner' wala 'p' mbili katika 'appartenir'. Kwa matamshi, 'appartiendrions' ni /a.paʁ.tjɛ̃.dʁi.jɔ̃/, yaani silabi ya kwanza ni wazi, na kiyeyusho ambacho hakikuandikwa popote kimejitokeza kati ya irabu mbili za mwisho.

Mgawo wa pili ni wa usemi wa kawaida, na wa tatu ni wa ushairi wa kale. Huu wa tatu tutaurejea katika sehemu ya 5.0. Kwa sasa itoshe kusema kwamba 'recommenceraient' ina silabi tano katika mshororo wa karne ya 17, na nne katika mazungumzo ya leo ya mtu wa Paris: /ʁə.kɔ.mɑ̃s.ʁɛ/. Kitabu cha mazoezi kinachoandika 're-com-men-ce-raient' kwa vistari bila kueleza ni mgawo upi unaokusudiwa kinamwachia mwanafunzi achague mwenyewe, naye atachagua ule unaofanana na Kiswahili.

Lipo jambo jingine ambalo vistari hivyo huficha. Silabi za Kifaransa hazikomei katika mipaka ya maneno. 'Ils arriveraient' hukatwa /il.za.ʁiv.ʁɛ/: alama ya wingi ya kiwakilishi, ambayo ingekuwa bubu kama kitenzi kingeanza na konsonanti, imekuwa mwanzo wa silabi ya kwanza ya kitenzi. Swali likiulizwa kwa kugeuza mpangilio, 'arriveraient-ils', ile 't' ya mwisho iliyokuwa imelala huamka na kuanzisha silabi ya mwisho: /a.ʁiv.ʁɛ.til/. Kwa hiyo kukata kitenzi kikiwa peke yake, kama kilivyo katika jedwali la minyambuliko, ni kukata kitu ambacho msemaji hakitamki hivyo.

3.0 Mkazo unapoangukia irabu bubu

Hapa ndipo hoja kuu ya makala hii ilipo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kitenzi kikinyambuliwa, mkazo husogea nacho: 'piga', 'pigana', 'pigania', 'piganiana'. Msemaji hahitaji kufikiri, ulimi wake unajua njia. Katika Kifaransa mkazo hukaa kwenye silabi ya mwisho inayotamkwa kamili, na hasa silabi ya mwisho ya kundi zima la maneno yanayosemwa kwa pumzi moja.

Tutazame sasa nini hutokea lugha hizi mbili zinapokutana katika umbo kama 'donnerons', 'tutatoa'. Msomaji wa Kiswahili hulikata do-ne-ron, kisha huweka mkazo mahali pake pa kawaida, yaani kwenye 'ne'. Lakini 'ne' ndiyo e bubu. Ndiyo irabu dhaifu kuliko zote katika neno hilo, ile ambayo Mfaransa wa kaskazini huidondosha bila hata kujua, na kubakiza /dɔn.ʁɔ̃/. Haya si matukio ya bahati mbaya. Kwa sababu ya muundo wa njeo hizo, silabi ya pili kutoka mwisho katika maandishi ya wakati ujao wa vitenzi vya 'er' ni e bubu karibu daima: 'chante-ra', 'porte-rons', 'demande-rez', 'passe-ront'. Ndivyo ilivyo pia katika hali ya masharti: 'chante-rais', 'porte-rait', 'passe-raient'. Mkazo wa Kiswahili hulenga kwa usahihi wa ajabu silabi ile ile ambayo Kifaransa kiko tayari kuitupa.

Matokeo yake ni makubwa kuliko lafudhi ya kigeni. Kiswahili hubeba taarifa ya njeo upande wa mwanzo wa kitenzi: 'wa-ta-toa', 'wa-nge-toa'. Msikilizaji hujua wakati kabla hajajua tendo. Kifaransa hubeba taarifa hiyo mwishoni kabisa: 'donneront', 'donneraient', 'donnaient'. Silabi ya mwisho ikipoozwa ili ile iliyo kabla yake ipewe nguvu, kinachopoozwa ni njeo yenyewe. Mwanafunzi anayesema do-NE-re kwa mkazo wa Kiswahili ametilia nguvu mahali pasipo na maana na kufifisha mahali ambapo maana yote ya masharti imehifadhiwa.

Upande wa kusikia una hatari zaidi. Tulinganishe 'ils donnaient', 'walikuwa wakitoa', na 'ils donneraient', 'wangetoa'. Katika maandishi umbo la pili ni refu kwa silabi nzima. Katika usemi wa kawaida yote mawili yana silabi mbili: /dɔ.nɛ/ na /dɔn.ʁɛ/. Tofauti iliyobaki ni konsonanti moja, nayo hutamkwa nyuma kabisa ya kinywa, kwa namna ambayo sikio la Kiswahili, lililozoea 'r' ya ncha ya ulimi, huikosa kwa urahisi. Mwanafunzi anayesubiri silabi ya tatu ili ajue kwamba ni hali ya masharti ataisubiri bure, na atahesabu sentensi ya 'wangetoa' kuwa ni ya 'walikuwa wakitoa'. Ahadi na sharti vitageuka kuwa simulizi ya mambo yaliyokwisha. Kwa mfasiri wa mkutano au karani wa mahakama hilo si kosa dogo.

Je, umbo kama /dɔn.ʁɛ/ ni gumu kwa kinywa cha Mswahili? Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakina silabi funge, na kwa hiyo mzungumzaji wake lazima apachike irabu. Dai hilo ni kweli kwa maneno ya asili ya Kibantu, lakini Kiswahili sanifu hakikomei hapo. Maneno 'labda', 'maktaba' na 'daktari' yana silabi funge zinazotamkwa kila siku bila taabu. Zaidi ya hayo, mifuatano ile ile ya sauti inayozaliwa na kudondoka kwa e bubu imo katika msamiati wenye asili ya Kiarabu. Anayetamka 'kunradhi' ameshatamka 'n' na 'r' zikipakana kama katika 'donnera'. Anayetamka 'amri' na 'umri' hana sababu ya kushindwa na 'aimerai', /ɛm.ʁe/. Anayesema 'Misri' amekwisha kufika nusu ya njia ya 'passerai', /pas.ʁe/. Ni ajabu kwamba mifano hii haitumiwi darasani, ilhali imo mdomoni mwa mwanafunzi tayari. Ni kweli kwamba mifano hiyo ina nguvu zaidi kwa mtu wa Mombasa au Unguja kuliko kwa mtu wa Lubumbashi, ambaye Kiswahili chake hakikuchukua sehemu hiyo ya msamiati kwa kiasi hicho hicho, na ambaye husema 'mutoto' pale ambapo wa pwani husema 'mtoto'.

4.0 'Donnerons' na 'donnerions'

Baada ya kumshawishi mwanafunzi aidondoshe e bubu, inabidi kumwambia mahali ambapo haidondoki. Maurice Grammont, mwishoni mwa karne ya 19, alitunga kanuni ambayo bado hutajwa kwa jina la kanuni ya konsonanti tatu: e bubu hubaki pale ambapo kuondoka kwake kungesababisha konsonanti tatu kukutana. Kwa kanuni hiyo 'donnera' ni silabi mbili, lakini 'parlera' ni tatu, /paʁ.lə.ʁa/, na 'montreraient' ni tatu vilevile, /mɔ̃.tʁə.ʁɛ/. Kanuni hii ni msaada mzuri kwa anayeanza, ingawa kama sheria ina matundu. Katika 'portera', kwa mfano, wapo wasemaji wanaoidondosha e, kwa sababu 't' na 'r' zinaweza kuanzisha silabi kwa pamoja. Kinachoamua ni aina ya konsonanti na mahali pake katika silabi, zaidi ya hesabu yake.

Kesi yenye mafunzo mengi zaidi ni ile ya nafsi ya kwanza na ya pili wingi. 'Nous donnerons', 'tutatoa', ni /dɔn.ʁɔ̃/. 'Nous donnerions', 'tungetoa', ni /dɔ.nə.ʁjɔ̃/. Herufi moja imeongezeka, lakini silabi iliyoongezeka haiko mahali pa herufi hiyo. Kiyeyusho kilichoingia baada ya 'r' kimeifanya e bubu ishindwe kuondoka, kwa kuwa mfuatano wa konsonanti, 'r' na kiyeyusho hauvumiliki. Hivyo silabi mpya husikika nyuma, katikati ya neno. Vivyo hivyo 'nous aimerons' ni silabi mbili na 'nous aimerions' ni tatu, na 'vous passerez' ni mbili na 'vous passeriez' ni tatu. Pale ambapo kiyeyusho kinatanguliwa na konsonanti mbili ambazo ya pili ni 'r' au 'l', suluhisho ni jingine: irabu kamili huzaliwa, na 'vous voudriez' hutamkwa /vu.dʁi.je/.

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetamka kila e iliyoandikwa hutoa 'donnerons' na 'donnerions' zikiwa na idadi sawa ya silabi. Anapoteza tofauti ambayo msikilizaji Mfaransa huitegemea. Anayezidondosha zote kwa kuiga Wafaransa bila kuelewa hupata shida kinyume chake. Hakuna njia ya mkato hapa. Lazima njeo hizi mbili zifundishwe zikiwa zimekaa pamoja, na kwa sauti kabla ya maandishi.

5.0 Je, aleksandrini ina mizani kama yetu?

Tugeukie sasa uhakiki linganishi. Dai kwamba ushairi wa Kifaransa huhesabu mizani kama wa Kiswahili lina msingi. Aleksandrini, bahari kuu ya tamthilia za karne ya 17, ina silabi 12 zilizogawanywa sita kwa sita, na mhakiki anayezijua istilahi zetu ataona mara moja ukwapi na utao. Tartuffe ya Molière, inayojulikana kwa Kiswahili kama Mnafiki, imetungwa hivyo. Shairi la Kiswahili lenye mizani 16 hugawanywa nane kwa nane. Tofauti inaonekana kuwa ya idadi tu.

Lakini swali ambalo halijaulizwa ni hili: kinachohesabiwa ni nini? Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), aliweka hesabu ya mizani juu ya silabi, na kwa Kiswahili hesabu hiyo husimama juu ya kinachosikika. Mshairi wa Kiswahili anaposema 'mtu' ni mizani mbili, sikio linakubali, kwa kuwa 'm' hiyo hutamkwa kwa urefu wa silabi. Wanaisimu wataongeza kwamba 'm' hiyo imebeba uzito wa irabu 'u' iliyodondoka kutoka 'mu', ambayo bado husikika katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Yaani sisi pia tuna mizani inayokumbuka irabu iliyokufa, ila marehemu wetu ameacha mrithi anayesikika.

Aleksandrini huhesabu kwa sheria nyingine. E bubu inayofuatwa na konsonanti huhesabiwa hata kama mazungumzo ya kawaida hayaitamki. Inayofuatwa na neno linaloanza na irabu humezwa. Iliyo mwishoni mwa mshororo haihesabiwi, ila huamua kama kina ni cha kike au cha kiume. Kwa hiyo 'donneraient' ni mizani tatu katika ushairi, ilhali ni silabi mbili sokoni. Hata hivyo mwisho wake, 'aient', huhesabiwa kuwa mmoja na kina chake ni cha kiume, ingawa una e ndani yake. Mwisho huo uliandikwa 'oient' hadi mwaka 1835, ambapo kamusi ya Akademia ya Kifaransa ilikubali tahajia ya leo, na mabadiliko hayo ya herufi hayakugusa hesabu ya mizani hata kidogo. Maumbo kama 'voient', 'wanaona', yalikuwa na adhabu kali zaidi: sheria za kale ziliyazuia yasikae ndani ya mshororo, yakaruhusiwa mwishoni tu.

Ni katika mwisho 'ions' ambapo tofauti na Kiswahili huwa ya kuvutia zaidi. 'Nous chantions', 'tulikuwa tukiimba', ni mizani mbili kwa kitenzi: chan-tions. 'Nous étudions', 'tunasoma', ni mizani nne: é-tu-di-ons. Herufi za mwisho ni zile zile. Katika usemi wa leo sauti za mwisho nazo ni zile zile, na 'étudions' ni silabi tatu tu, /e.ty.djɔ̃/. Kwa nini basi mshairi wa kale aliipa ya pili mizani ya ziada? Kwa sababu 'i' ya 'chantions' ni ya kiambishi, na 'i' ya 'étudions' ni ya mzizi, kama ilivyokuwa katika Kilatini 'studium'. Mizani ya Kifaransa, hapa, inahesabu mofolojia na historia ya neno. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kuchambua viambishi, ana vifaa vya kuliona jambo hili haraka kuliko Mfaransa wa kawaida anayelisoma kama ugeni wa jukwaani.

Kuitenganisha 'i' na irabu inayofuata Wafaransa hukuita dieresi, na kuziunganisha ni sineresi. Kishawishi cha kuyaita hayo mazida na inkisari ni kikubwa, na ulinganisho una faida yake. 'Afya' ikirefushwa kuwa 'afiya', na 'shukrani' kuwa 'shukurani', kinachotendeka kifonolojia ni kile kile: irabu hupatikana pale palipokuwa na kiyeyusho au mkutano wa konsonanti. Hata hivyo mazida na inkisari ni uhuru wa mshairi. Mtunzi wa utenzi huchagua 'afya' au 'afiya' kulingana na haja ya mshororo wake, naye halaumiwi. Mtunzi wa aleksandrini hakuwa na uhuru huo. Neno lilikuwa na hesabu yake, na kuikiuka kulikuwa kosa. Hesabu hiyo iliweza kubadilika kwa enzi, si kwa mshairi mmoja mmoja kutaka: maumbo kama 'voudriez', ambayo karne ya 16 iliyahesabu kwa mbili, yalielekea kuhesabiwa kwa tatu katika karne ya 17. Kwa hiyo anayesema ushairi wa Kifaransa una mizani kama wetu amesema kweli kuhusu kuhesabu, lakini amekosea kuhusu kinachohesabiwa na kuhusu mwenye mamlaka ya kuhesabu.

6.0 Kipi kisahihishwe

Swali la mwisho ni la viwango. Je, mwanafunzi wa Bukavu, Bujumbura au Dar es Salaam atakiwe kuzidondosha e bubu kama mtu wa Paris? Sioni sababu ya kumlazimisha. Kusini mwa Ufaransa, Toulouse na Marseille, wasemaji wengi huzihifadhi irabu hizo, na hakuna anayesema hawajui Kifaransa. Kongo, ambako Kifaransa ni lugha rasmi na lugha ya shule, kina masikio na mazoea yake. Mwanafunzi lazima azisikie silabi zikidondoka, la sivyo hataelewa. Kuzidondosha mwenyewe ni hiari yake.

Kinachostahili kusahihishwa bila huruma ni vitu viwili. Cha kwanza ni ubora wa irabu. E bubu ikitamkwa kama 'e' ya Kiswahili, 'je finis', 'ninamaliza', hukaribia mno 'j'ai fini', 'nimemaliza', kwa kuwa sehemu iliyobaki ya maneno hayo ni sawa kabisa kwa sauti. Vivyo hivyo 'nous reformerions', 'tungeunda upya', na 'nous réformerions', 'tungefanya mageuzi', hutenganishwa na irabu ya kwanza tu. Cha pili ni mkazo, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 3.0, na hiki kinatakiwa kutangulia kwa sababu mkazo ukihamia mwisho, irabu zilizo kabla yake hulegea zenyewe. Njia ninayoipendekeza ni kuanzia mwisho wa umbo: mwanafunzi atamke kwanza 'raient' peke yake kwa mkazo, kisha 'di-raient', kisha 'tu-di-raient', mpaka afike 'ils étudieraient', huku nguvu ikibaki pale pale ilipoanzia.

Zoezi hilo lina manufaa hata katika kughani ushairi. Aleksandrini hutaka mkazo kwenye silabi ya sita na ya kumi na mbili, na sheria za kale hazikuruhusu e bubu kukaa mahali pa sita. Msomaji anayepeleka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho huuweka 'donneraient', ikiwa mwishoni mwa ukwapi, juu ya silabi ya tano, tena juu ya irabu ambayo sheria hiyo ingeikataa hatua moja tu mbele. Lakini katika mshororo huo huo, msomaji wa Lubumbashi anayeitamka 'ne' kwa upole, bila kuidondosha, yuko karibu na hesabu ya Racine kuliko mtu wa Paris anayeghani kama anavyozungumza, na ambaye atajikuta na mizani kumi na moja mkononi.